Mtoto anamalizia hela ya shule kwenye krispi na soda

Pole dada. Umesema mwanao wa darasa la tatu hununua krispi na soda getini kila siku, kisha jioni anasusa ugali. Kabla ya kumgombeza, angalia anaondoka nyumbani amekula nini. Wengi hunywa chai kavu saa 11 alfajiri wakiwahi gari, na ikifika saa 4 njaa inauma huku wenzao wanafungua pakiti. Wangu nilimfungia viazi vitamu vya kuchemsha na karanga, vya kutosha kugawia marafiki, maana mtoto haoni haya kula kitu ambacho wenzake wanakigombania. Hela ipunguze taratibu. Ukiikata ghafla ataanza kukopa.

Anza na soda: chupa ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, karibu vijiko vidogo 9. Mpe chupa yake ya maji.

Suala la wauzaji lipeleke kwenye kikao cha wazazi, shule ikubaliane nao walete matunda na mihogo.

Ukiona ana kiu isiyoisha, anakojoa sana na anapungua uzito, mpeleke hospitali siku hiyohiyo apimwe sukari.