Usilipe hiyo advansi: tamasha la Mtwara na Kilwa Kisiwani havikai wikiendi moja

Mkuu, usilipe. Nimesoma uzi wako mara mbili nikashindwa kupita kimya. Unasema wewe na shemeji mnatoka Dar Ijumaa, Jumamosi asubuhi ufukweni Msimbati, usiku tamasha Mtwara mjini, Jumapili mnapitia Kilwa Kisiwani "kwa kuwa ipo njiani", Jumatatu kazini. Halafu umeuliza gesti ya bei nafuu, chakula, na kama mbebe makoti. Na huyo anayewauzia safari anataka nusu ya hela kesho.

Hiyo ratiba naijua. Mwaka juzi niliilipia, siku kwa siku, isipokuwa sisi tulitokea Masasi.

Ilikuwa Novemba, hela ya korosho imeshaanza kuingia. Wa huku wanajua: korosho zikilipwa, mabango ya wasanii yanajaa Mtwara na gesti zinapandisha bei. Tulikuwa tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Mke wangu ni mwalimu wa Historia. Kilwa amefundisha miaka yote hiyo, Ibn Battuta kufika mwaka 1331, dhahabu ya Sofala, Wareno kuingia mwaka 1505, yote kwa chaki ubaoni, na kwa macho yake hajawahi kuiona. Mimi nilitaka tamasha, yeye alitaka Kilwa. Yule bwana aliyetuuzia safari akatuambia, "Mnapata vyote, Mtwara na Kilwa ni pua na mdomo."

Pua na mdomo! Kutoka Mtwara mjini hadi Kilwa Masoko ni karibu kilomita 300. Unaipita Lindi, unakwenda hadi Nangurukuru, unakata kulia kushuka Masoko, na hapo bado hujafika, kati ya Masoko na Kisiwani kuna bahari. Kilwa ipo njiani kama Morogoro ilivyo njiani kwa anayekwenda Mbeya. Kuipita utaipita, kuiona ni jambo jingine.

Tamasha lenyewe lilitangazwa saa 12 jioni. Saa 2 usiku bado wanapima vyombo, moja mbili, moja mbili. Saa 4 wakaanza wasanii wachanga. Yule tuliyemfuata alipanda jukwaani saa 8 na robo usiku. Nisimsingizie, aliimba vizuri sana. Uwanja mzima uliimba naye, watu wakawasha tochi za simu, mke wangu akanishika mkono kama siku za uchumba. Muda ule siujutii hata kidogo. Lakini gari lilikuwa limepangwa kuondoka saa 10 alfajiri ili tuwahi Kilwa, na ndipo balaa lilipoanzia.

Tulipitia gesti kuchukua mabegi tu. Kitanda tulichokilipia hatukukigusa. Mke wangu alilala na viatu miguuni, kila tuta kichwa kinagonga kioo. Tulipofika njia panda ya Mnazi Mmoja, pale ambapo kushoto ni kwetu Masasi na kulia ni Lindi, nilimwangalia nikataka kusema tukate kushoto tukalale nyumbani. Nikanyamaza kwa sababu hela ilishalipwa. Kisha nikaangalia kioo cha dereva, nikamwona anapikicha macho. Nikamuuliza, "Kaka, wewe ulilala saa ngapi?" Akacheka. "Na mimi nilikuwa uwanjani, kaka."

Soma tena hapo mkuu. Dereva naye alikuwa kwenye tamasha.

Tulipokaribia Mchinga gari lilishuka ukingoni, changarawe zikapiga chini ya gari kwa kishindo, mke wangu akashtuka akiita jina la Mungu. Dereva alilirudisha barabarani, nikamwambia asimame hapo hapo. Akalala kwenye usukani zaidi ya saa nzima, sisi tumekaa nje juu ya jiwe, jua linapanda. Mpaka leo nikisikia changarawe chini ya gari tumbo linakaza. Na wale mtakaokuja hapa na "si mngelala kwenye gari", kalale wewe kwenye Noah yenye abiria saba, halafu urudi kwenye uzi huu utueleze.

Masoko tulifika saa 6 mchana. Kuna kibali cha kuingia kisiwani, lazima ukichukue kwanza, na hicho hatukuwa tumeambiwa. Boti tuliyoambiwa imeshalipiwa, pale gatini hakuna nahodha aliyekuwa na habari nayo. Tukalipa upya. Na maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo boti haikufika ufukweni, tukashuka kwenye maji ya magotini, viatu mkononi, matope katikati ya vidole. Tunakanyaga Kisiwani ni saa 8, jua la Novemba utosini, hatujala tangu chipsi za usiku uwanjani.

Mwongozaji alikuwa kijana mwema, anayajua mambo yake. Akatupitisha Gereza, yaani ile ngome ya kale, akatupeleka Msikiti Mkuu. Mle ndani kuna kuba juu na nguzo zake za mawe ya matumbawe. Mke wangu aliweka kiganja kwenye nguzo, akakaa nacho hapo, akaanza kumweleza mwongozaji habari za masultani, na yule kijana akawa yeye ndiye msikilizaji. Halafu sauti ikakatika, akakaa chini. Kizunguzungu. Tukampa maji, tukampepea kwa kitenge chake. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye lile bwawa la pembe nane ambalo huwachorea wanafunzi ubaoni kila mwaka, lilikuwa mwendo wa miguu tu kutoka tulipokaa. Nahodha akapiga simu, anataka kurudi. Tukarudi.

Kwenye boti hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alikuwa anafuta matope miguuni kwa pembe ya kitenge, akaniuliza, "Sasa nitawaambia watoto nini?"

Usiku ule hatukuweza kusafiri, tukalala Masoko. Chumba, chakula, siku ya ziada ya gari, boti mara ya pili, jumla laki tatu na themanini nje ya bajeti. Jumatatu sote wawili hatukuonekana kazini.

Na yule bwana? Nilipompigia alisema, "Poleni, lakini si mmefika Kilwa?" Hilo jibu ndilo linaloniuma kuliko hela. Mtu hajawahi kuikalia hiyo barabara usiku, hajui maji yanakupwa lini, anachukua majina matatu mazuri, Mtwara, Msimbati, Kilwa, anayapanga kama vitumbua kwenye sahani, anakuuzia wewe na mke wako. Anacheza na roho za watu!

Kwa hiyo kanuni yangu, na nitairudia hata mkichoka: tamasha moja, mji mmoja. Likiwa Mtwara, safari nzima ni Mtwara, na siku ya pili yake hamtoki kitandani kabla ya saa 4.

Wala hamtakosa cha kuona. Jumamosi asubuhi nendeni Mikindani, kilomita kama 10 tu kutoka mjini. Kuna Boma la Wajerumani la mwaka 1895, mitaa ya nyumba kongwe, na ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Mchana rudini mlale. Nasema mlale kweli, mapazia yafungwe. Usiku ndiyo tamasha. Msimbati iwe Jumapili mkishaamka, ile ni hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay, kuna kiingilio, na ni zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini, si ya kuikimbilia asubuhi ya siku ya tamasha. Mkikuta ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, inauzwa, kuleni. Na kama mnapenda ngoma kuliko spika, ulizieni Makuya, tamasha la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao. Mkibahatika kulikuta, kanuni ni ile ile: mji mmoja.

Kilwa ipe safari yake. Msije wakati wa masika, kumbukeni Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilivyokata barabara pale Somanga watu wakakwama huku na huku. Sisi tulirudi likizo ya Juni, tukalala Masoko siku mbili, hakuna tamasha, hakuna haraka. Usiku tulimuuliza nahodha saa ya maji kujaa, asubuhi tukavuka. Husuni Kubwa tulikaa mpaka kivuli kikageuka. Mke wangu alizunguka lile bwawa akihesabu pembe kwa sauti, moja hadi nane, kisha akaanza tena upya.

Mpigie huyo mtu leo, kabla hajakupigia yeye. Mwambie Kilwa itoke, Jumapili mnalala Mtwara, Jumatatu muombe ruhusa kazini. Na muulize dereva atalala wapi Jumamosi usiku. Akikujibu "tutaona", hela yako ibaki mfukoni.