Knicks walijimaliza wenyewe
Ndugu, kusema Knicks, timu ya kikapu ya New York, walipoteza ile mechi ya kwanza ya fainali ya Kanda ya Mashariki ya NBA na Pacers wa Indiana Mei 2025 kwa bahati mbaya tu, hapana. Wako nyumbani, Madison Square Garden, wanaongoza kwa pointi 14, zimebaki chini ya dakika tatu! Nesmith wa Pacers akaanza kumimina mitupo ya pointi tatu, sita robo ya nne pekee, na bado wanachelewa kumkaba. Sekunde za mwisho Towns na Anunoby wa Knicks kila mmoja akakosa mtupo huru mmoja. Hapo ndipo mechi ilipoondoka. Ule mtupo wa mwisho wa Haliburton wa Pacers uliogonga chuma cha kikapu, ukaruka juu kisha ukazama, sawa, bahati. Lakini ulileta sare tu, 125 kwa 125. Muda wa nyongeza wakalala 138 kwa 135.