Kwa mnaoanza kazi ya sola Mombasa

Wadogo zangu, mtaulizwa habari za nyuklia kabla hamjatoa bisibisi mkobani. Mwenye nyumba atawakaribisha kahawa barazani, kisha aseme: serikali ikijenga mtambo wake, paneli zenu zitakuwa na kazi gani? Msilibabaishe jibu.

Mtambo uliopangwa Uyombo, Kilifi, ulikuwa wa megawati 1,000. Mwanzoni mwa 2025 matumizi ya nchi nzima, yalipopanda juu kabisa, yalipita kidogo tu megawati 2,300. Mtambo mmoja basi ungebeba zaidi ya theluthi moja ya mzigo, na usiku wa manane hata zaidi. Ukizimika ghafla, pengo hilo utaliziba na nini? Agosti 2023 tulishaonja giza la karibu nchi nzima.

Nakiri kwamba nyuklia haitoi moshi na haingoji jua. Lakini mvuke wa chini ya ardhi wa Olkaria nao haungoji jua, unatupa stima tangu 1981, na hauachi taka za kulindwa vizazi kwa vizazi. Na wavuvi wa Uyombo waliopinga 2024 msiwaite wajinga. Mtambo hupozwa kwa maji mengi, yakirudi baharini yana joto, na Watamu yenye matumbawe yake iko papo hapo. Baadaye serikali iligeukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Huko nako kuna wavuvi.

Sasa upande wetu, maana sola nayo ina udhaifu wake. Mombasa mzigo mkubwa wa nyumbani ni wa jioni: feni, kiyoyozi, friji, na jua limeshazama. Kabla ya kumuuzia mtu paneli, mwombe ruhusa usome mita yake saa moja usiku, urudi asubuhi jua linapochomoza. Tofauti hiyo ndiyo itakayokwambia ukubwa wa betri. Fundi anayehesabu paneli peke yake anamwachia mteja giza.

Halafu panda juu ya paa mwenyewe. Kuti moja la mnazi likitupa kivuli kwenye paneli moja, zote zilizofungwa mfululizo nazo zinaweza kupungukiwa nguvu. Tazama bolti pia: ya chuma cha kawaida kwenye reli ya alumini, kwa chumvi ya upepo wa Nyali au Likoni, huliwa na kutu upesi. Nunua zisizoshika kutu hata kama mteja analalamikia bei. Kuosha paneli ni alfajiri, kabla kioo hakijapata moto.