Ukitumwa kwenye mkutano wa viongozi, beba shida ya mtu mmoja

Nilikuwa na slaidi 18. Historia ya chama chetu, picha za mkutano mkuu, jedwali la ada, picha nyingine tukikabidhi vitabu. Nilipewa dakika 5, na zilipokwisha nilikuwa bado kwenye jedwali la ada. Mwongoza kikao akanishukuru kwa upole, nikarudi kitini. Walionifuata walisema karibu yale yale: tulianzishwa lini, tuko wangapi, fedha hazitoshi. Kufika saa sita mchana sikukumbuka nani ametoka wapi, na naamini hakuna aliyenikumbuka mimi.

Nawaandikia ninyi mnaoongoza vyama vya watafiti waliowahi kupata ufadhili nje ya nchi, kwa sababu mwaliko wa namna hii wengi huupata mara moja tu. Mkutano wangu ulikuwa Bonn, Ujerumani, wa viongozi wa vyama vya Humboldt kutoka mabara mbalimbali. Wakfu wa Alexander von Humboldt, unaofadhili watafiti wa nchi nyingine kwenda kufanya utafiti Ujerumani, ulianzishwa upya mwaka 1953, rais wake wa kwanza akiwa mwanafizikia Werner Heisenberg, na leo mtandao wake una watafiti zaidi ya 30,000 katika nchi zaidi ya 140. Ninachoupendea ni kwamba hauagani na mtu. Umemaliza utafiti, umerudi kwenu, bado unaweza kuomba kwenda tena Ujerumani kwa kipindi kifupi. Na wahitimu wanaweza kuandaa kongamano la eneo lao, liitwalo Humboldt Kolleg, wakfu ukawaunga mkono. Kwa hiyo waliokaa ukumbini ni watu unaoweza kufanya nao kazi miaka 20 au 30 ijayo. Kuwasomea ripoti ambayo wangeweza kuisoma wenyewe ni kupoteza nafasi hiyo.

Safari yangu iliokolewa na simu. Wiki moja kabla sijaondoka alinipigia binti anayefanya shahada ya uzamivu, utafiti wake ni wa mwani.

“Shikamoo Mwalimu. Nasikia unakwenda Ujerumani.”

“Marahaba, mwanangu. Nikuletee nini?”

“Zawadi sitaki, Mwalimu. Nitafutie mtu aliyeona cottonii ikipauka kwenye bahari iliyopata joto kama yetu, na akapima. Nina data za misimu miwili, hapa sijapata wa kuzitazama pamoja nami.”

Anayeijua pwani ya mashariki ya Unguja ataelewa uzito wa ombi hilo. Wakulima wa mwani wengi ni wanawake. Kati ya aina mbili za mwani wanazolima, cottonii ndiyo yenye bei nzuri kuliko spinosum, lakini maji ya kina kifupi yakipata joto matawi yake hupauka, hulainika, kisha hukatika na kuchukuliwa na mkondo. Mama amefunga kamba zake kwenye vigingi, anarudi bamvua linalofuata, maji yanapokupwa sana, anakuta kamba tupu. Binti yule hakuwa anatafuta sifa ya kuandika makala. Amekulia kwenye kamba hizo.

Niliandika ombi lake kwenye kikaratasi, nikakitia ndani ya pasipoti, kisha nikalisahau kwa sababu ya slaidi.

Siku ya kwanza nilikaa na Mkenya na Mganda. Kiswahili kilinoga, tukacheka, tukala meza moja mchana na usiku. Sijutii, lakini hao tungeweza kukutana Arusha. Siku ya pili nikajilazimisha kukaa meza nisiyomjua mtu. Pembeni yangu alikuwapo mama mmoja, profesa, kiongozi wa chama cha Ufilipino. Nilipotaja Zanzibar akaniuliza tunaishi kwa nini. Nikamwambia karafuu, utalii, mwani. Kwenye mwani akaweka uma chini. Mbegu tulizoanza nazo kilimo hiki mwaka 1989 zilitoka kwao Ufilipino. Yeye hakujua kwamba zimefika kwetu, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba huko zilikotoka wana huzuni ile ile ya kamba tupu. Hapo ndipo nikatoa kikaratasi.

Yeye ni mkemia wa dawa, mwani haujui. Ila anawajua wanachama wake. Kabla chai haijaletwa alikuwa ameshamwandikia mmoja wao, mtafiti wa visiwa vya Visayas, na asubuhi jibu lilikuwa limekuja.

Tangu siku hiyo nimebadili namna ninavyojiandaa. Mwezi mmoja kabla ya mkutano wowote nawauliza wanachama, hasa vijana, swali moja: umekwama wapi? Majibu mengi yatakuwa ya fedha, na hayo yapokee kwa heshima. Lakini chagua mawili au matatu ambayo mtu mmoja mahali fulani duniani anaweza kuyatatua kwa barua pepe moja. Hayo ndiyo ya kubeba. Dakika zako 5 zitumie kuyataja wazi, kwa lugha ambayo mkemia na mwanahistoria wote wataielewa, maana utakaowaomba si wataalamu wa fani yako; ni watu wenye funguo za vyama vyao.

Kuhusu viza nitasema kwa ufupi. Ombi la viza ya Schengen, ya kuingia Ujerumani na nchi nyingine nyingi za Ulaya, linapokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Hakikisha jina kwenye barua ya mwaliko linafanana herufi kwa herufi na la kwenye pasipoti. Usingoje wiki ya mwisho.

Kuna jambo moja linaloniuma. Nilipopokea uongozi, anwani zote za watu ambao mtangulizi wangu alikutana nao nje zilikuwa kwenye simu yake, na simu ilikuwa imeshapotea. Miaka ya salamu na ahadi ikaondoka nayo. Tafadhali, ukirudi, ndani ya siku tatu andika majina, mlichokubaliana na nani atafuatilia, uweke mahali ambapo katibu na mweka hazina wanafika. Uhusiano ule umeupata kwa jina la chama, si wako.

Kikao cha kwanza cha binti yule na mtafiti wa Visayas alikipanga mwenyewe, kwa njia ya video, wakati wa maji mafu, kwa kuwa siku za bamvua hukaa ufukweni na akina mama. Kwetu ilikuwa saa tatu asubuhi, kwao saa nane mchana. Nikawatambulisha, nikasikia wakianza kuzungumzia nyuzi joto za maji, nikawaachia kikao chao.