Mabadiliko Yanapomlemea Mtu

Swali: Tangu nihamishwe kikazi, silali vizuri, machozi hunitoka ovyo na kazi haziendi. Je, nimerukwa na akili?

Jibu: Hapana, ndugu msomaji. Dalili zako zinafanana na tatizo la kisaikolojia la kushindwa kukabiliana na mabadiliko, ambalo kwa kawaida hujitokeza ndani ya miezi 3 baada ya tukio kama vile uhamisho, talaka au kuachishwa kazi, na mara nyingi hutoweka ndani ya miezi 6 baada ya chanzo chake kwisha. Tiba yake kuu ni mazungumzo na mshauri nasaha. Vidonge vya usingizi nakusihi usijinunulie kiholela. Amka saa ile ile kila siku, hata kama ulikesha. Ukipata mawazo ya kujiua, nenda hospitali mara moja.