Maswali yenu: nani aliamuru nini Cabo Delgado?

Nchi kadhaa za SADC (Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika) zilipeleka askari kupambana na waasi Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji. Nani alikuwa anampa nani amri? (Msomaji, Newala)

Kwenye karatasi, amri ilikuwa moja. Kikosi cha SADC, SAMIM, kiliingia Julai 2021, mkuu wa misheni akiwa Profesa Mpho Molomo wa Botswana, kamanda wa kijeshi akitoka Afrika Kusini, makao makuu Pemba. Chini yao majeshi yakagawiwa wilaya: Afrika Kusini Macomia, Tanzania na Lesotho Nangade.

Lakini askari wa JWTZ, jeshi la Tanzania, alibaki wa JWTZ. Mshahara, cheo na nidhamu yake viko nyumbani, na kamanda wa pamoja akitaka kumpeleka mahali ambapo serikali yake haijaridhia, lazima apige simu kwanza. Kugawana wilaya kunapunguza mivutano ya namna hiyo, ndiyo maana makamanda wanaupenda utaratibu huo. Tatizo ni kwamba waasi hawana wilaya. Walipofurushwa Palma na Mocímboa da Praia walisogea kusini, na Juni 2022 wakaibukia Ancuabe, ambako wengi hawakuwatarajia.

Mbona Rwanda ilifanya kazi haraka kuliko SADC nzima? (Dodoma)

Rwanda si mwanachama wa SADC. Iliingia kwa makubaliano yake na Maputo: askari na polisi 1,000, wakaanza kuwasili tarehe 9 Julai 2021, na Agosti 8 wao na jeshi la Msumbiji wakautwaa mji wa Mocímboa da Praia. Serikali moja, kamanda mmoja, hakuna kikao cha marais cha kusubiri. Sioni muujiza hapo.

Ila kukawa na vikosi viwili vya kigeni kwenye mkoa mmoja, kila kimoja kikizungumza na Maputo kwa mlango wake. Hapo kazi ya kuwaunganisha inabaki kwa maofisa uhusiano na kwa mwenyeji, na mwenyeji mwenyewe jeshi lake lilikuwa hoi.

Nani analipa? (Mombasa)

Kwa sehemu kubwa, nchi zenyewe. Umoja wa Ulaya uliipa SAMIM euro milioni 15 mwaka 2022, na Desemba mwaka huohuo ukaidhinisha milioni 20 kwa kikosi cha Rwanda. Linganisheni wenyewe.

Helikopta zilikuwepo? (Arusha)

Chache mno kwa eneo lile. Barabara za mchanga, msitu, na mvua ikianza malori yanakwama. Doria ikishambuliwa, msaada unachelewa. Kwangu upungufu huu uliiumiza SAMIM kuliko ule wa idadi ya askari.

SAMIM imeondoka. JWTZ bado wako kule kufanya nini? (Mtwara)

Muda wa SAMIM uliisha Julai 2024, ila mizigo ilianza kufungwa mapema. Tarehe 10 Mei, Waafrika Kusini wakiwa wanajiandaa kuondoka, waasi waliingia mjini Macomia, wakapora maghala ya chakula na kukaa zaidi ya siku moja. Eneo likiachwa kabla mwingine hajalishika, matokeo ni hayo.

Tanzania ilibaki Nangade kwa makubaliano na Msumbiji. Wilaya hiyo inapakana na mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Mtwara yenu. Oktoba 2020 waasi walivuka na kushambulia kijiji cha Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Kikosi kikiwa Nangade, anayetaka kurudia hilo anakutana na askari kabla hajafika mtoni.