Moyo Dhaifu: Usiishie Kwenye EF, Pima Mtiririko

Msomaji ameniandikia akiwa na wasiwasi: mgonjwa wake mwenye EF ya asilimia 25 anatembea na kuzungumza vizuri, ila mwingine mwenye 60 mikono imepoa na mkojo umepungua. Je, kipimo kimekosewa? Si lazima. EF (ejection fraction) inaeleza ni sehemu gani ya damu iliyotoka kwenye ventrikali ya kushoto, chemba inayosukuma damu mwilini, haisemi ni mililita ngapi. Moyo uliotanuka wenye mililita 240 ukitoa asilimia 25 umesukuma 60. Moyo mdogo wenye mililita 60 ukitoa asilimia 60 umesukuma 36 tu. Ndiyo maana nasisitiza: pima mtiririko kwa ultrasound ya moyo.

Mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto. Weka probu kando ya mfupa wa kifua, pata picha ya urefu, ikuze, isimamishe katikati ya mkazo wa moyo, kisha pima kipenyo cha njia ya kutokea damu, chini kidogo ya valvu ya aota, ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, maana kipenyo hujizidisha chenyewe: sentimita 2.0 zinatoa eneo la 3.14, sentimita 1.8 zinatoa 2.54. Milimita mbili tu, na karibu moja ya tano ya damu imepotea kwenye karatasi. Rudia mara tatu. Usivivie hatua hii.

Hamia kwenye ncha ya moyo, fungua picha ya chemba tano, weka lango la dopla ya mapigo (sehemu ndogo ambapo mashine hupima kasi ya damu) kama nusu sentimita chini ya valvu. Mchoro mzuri una ukingo mwembamba na katikati patupu, na mwishoni unaonekana mstari mfupi wa valvu ikifunga. Ukiona umejaa na kasi imeruka ghafla, umeingia kwenye valvu. Rudi nyuma kidogo. Pinda probu mpaka boriti ya sauti ifuate damu: ikikengeuka nyuzi 20 hupoteza asilimia 6 ya kasi, nyuzi 60 hupoteza nusu.

Chora ukingo, upate VTI, yaani umbali ambao damu husafiri kwa pigo moja. Kwa mtu mzima aliyetulia, sentimita 18 hadi 22 ni kawaida. Chini ya 15, shtuka. VTI ya 11 mara eneo la 3.14 ni mililita 35 hivi kwa pigo. Kwa mapigo 90, lita 3.1 kwa dakika. Mapigo yakiwa hovyo, chukua wastani wa angalau matano.

Ukimfuatilia mtu yuleyule, linganisha VTI peke yake, kwani kipenyo hakibadiliki. Lakini kagua kwanza kama valvu ya aota inavuja: damu inayorudi nyuma huhesabiwa pia, na namba nzuri itakudanganya kuwa mwili unalishwa.